Jenereta ya kukanyaga, Busia ya Uganda: shajara ya kazi

Jumapili, hesabu kabla ya vyuma

Lengo nimeliandika kwa chaki kwenye bati la banda: taa tatu, redio, simu za nyumba nzima. Basi. Pasi haimo, birika halimo, friji haimo. Mama watoto alipita, akaisoma orodha, akauliza, "Na blenda?" Nikamwambia blenda tutaiona baadaye.

Mtaa wetu si wa giza kwa asili. Nyaya zipo na kila nyumba ina mita ya Yaka, ya umeme wa kulipia kabla, ukutani. Ila transfoma ikiharibika, au mvua ya upepo ikiangusha nguzo, tunakaa hivyo hivyo mpaka watoto wanazoea kula mapema. Na nchi yenyewe haina njaa ya umeme. Bwawa la Nalubaale pale Jinja linazalisha tangu 1954, Bujagali ikaongeza megawati 250 mwaka 2012, Karuma ikaja na 600 mwaka 2024. Nyaya kubwa zinatoka Jinja, zinapita Tororo, zinavuka mpaka hadi Lessos huko Kenya. Umeme unatupita juu ya vichwa. Unaokosekana ni ule wa kutoka kwenye nguzo hadi kwenye holda ya taa yangu.

Sasa miguu. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha, anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa saa nzima. Hiyo ni nguvu inayofika kwenye pedeli. Ikishapita kwenye cheni, mkanda, mota na diodi, betri inapokea kama theluthi mbili tu. Nimeandika wati 60 na nimeamua kutojidanganya kwa zaidi ya hapo.

Ukitaka kujua kwa nini birika halimo: lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 inataka kilojuli 335, ambazo ni wati-saa 93. Kwa wati 60 hiyo ni saa moja na nusu ya kukanyaga kwa vikombe vinne vya chai, na hapo nimechukulia kwamba hakuna hata tone la joto linalopotea. Jiko la mkaa linanicheka. Mwaka 2015 Mjerumani Robert Förstemann, mwendesha baiskeli wa mbio za uwanjani, mtu mwenye mapaja ambayo watu humpiga picha kwa ajili yake, alijaribu kuchoma slesi moja ya mkate kwa tosta ya wati 700. Mkate uliiva. Yeye alishuka akiwa hoi. Umeme wote aliouzalisha ulikuwa uniti (kilowati-saa) 0.021. Kwa hiyo chochote chenye waya wa kupasha joto ndani yake nimekifuta kwenye orodha, na mwenye kutaka kubishana aanze na tosta.

Jumanne, baiskeli

Mji huu uliwahi kulishwa na baiskeli. Kabla pikipiki hazijachukua kazi, abiria walivushwa mpakani wakiwa wamekaa kwenye kerieri yenye mto, na vyuma vile vyeusi vizito bado vimejaa nyuma ya nyumba za wazee. Jirani yetu anayo moja, imeegemea mwembe, kuku wanalala juu ya kiti.

"Mzee wangu, ile baiskeli unaiuza?"

"Ile? Ile imesomesha watoto, ndugu yangu. Unaitaka ya nini, na wewe una boda?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kwamba je, ataruhusiwa kuchaji simu. Tukapatana bei, na simu ikawa sehemu ya bei.

Nimeifungua jioni. Rimu ya nyuma imenyooka, spoki mbili zimekatika, beringi za krenki zina kutu lakini si za kutupwa. Giya ya mbele ina meno 44, friwili ina 18. Nimeyahesabu kwa kuweka alama ya chaki, kwa sababu hesabu yote ya mbele inategemea namba hizi mbili: ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu linazunguka mara 2.44.

Alhamisi, stendi

Fundi wa kuchomelea wa upande wetu alikuwa amekaa juu ya debe akingoja umeme urudi. Nikavuka na baiskeli kwenda Busia ya Kenya, ambako siku hiyo umeme ulikuwepo. Afisa mpakani aliitazama baiskeli ile kuukuu, akataka kujua naenda nayo wapi.

"Kuifunga isiende popote, afande."

Akanipungia mkono nipite.

Stendi ni ya bomba la mraba la milimita 40, miguu miwili mirefu kwa nyuma inayoshika ekseli, na mguu mmoja mbele unaobana uma baada ya gurudumu la mbele kutolewa. Nilimwambia fundi apanue miguu ya nyuma kuliko anavyoona inafaa. Mtu akisimama juu ya pedeli, mzigo wote unaenda upande mmoja, halafu upande mwingine, na stendi nyembamba inaanza kutembea kwenye saruji.

Wiki ya pili, alternata au mota

Kila anayeingia bandani ananishauri nitumie alternata ya gari, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Ipo kwenye kila gereji, bei yake nafuu, na inatoa volti 14 zikiwa zimeshadhibitiwa. Kwa gari ni sawa kabisa. Injini ya gari haihesabu wati.

Miguu inahesabu. Alternata haina sumaku ya kudumu. Inajitengenezea sumaku kwa kula umeme kutoka kwenye betri, ampea 2 hadi 4. Kwa volti 12 hizo ni wati 25 hadi karibu 50, na mimi nina 90 tu miguuni. Tena inataka mizunguko mingi sana ndipo ianze kuchaji. Yaani unakanyaga nusu saa kuilisha alternata yenyewe, kisha ndiyo ikukumbuke.

Nimechukua mota ya skuta ya umeme, ya volti 24, wati 250, mizunguko 2650 kwa dakika, iliyotumika, shilingi 120,000 baada ya mabishano. Ina sumaku za kudumu ndani. Ukiipa umeme inazunguka, ukiizungusha inakupa umeme, haidai kitu kabla. Kabla ya kulipa nilishika shafti kwa vidole na kuunganisha zile nyaya mbili pamoja: shafti ikawa nzito ghafla, kama imetiwa kwenye uji. Nikaziachanisha, ikalainika. Hicho ndicho kipimo cha duka bila mita. Mota isiyokuwa nzito nyaya zikigusana, ama brashi zimekwisha ama koili imekatika.

Wiki ya pili bado, rola

Nilianza na rola kwenye shafti ya mota, inayobanwa kwenye tairi, kwa sababu ndiyo rahisi kufunga na rahisi kufungua. Inafanya kazi, na mtu wa haraka anaweza kuishia hapo. Ila baada ya robo saa tairi lilikuwa moto kiasi cha kutoshikika, na sakafu chini yake ilikuwa na unga mweusi wa mpira. Ukilegeza rola, inateleza. Ukiikaza, unasikia miguu inasaga mpira badala ya kuchaji. Nilitaka kujua ni kiasi gani kinapotea, nikakanyaga bila kuunganisha betri kabisa: bado ilikuwa kazi. Imetoka.

Wiki ya tatu, mkanda

Tairi na tyubu nje, mkanda unapita moja kwa moja kwenye bonde la rimu. Mwenye mashine ya posho alinipa mkanda wake wa zamani, ule mnene wenye umbo la V, na urefu wake ulifaa. Lakini mkanda ule umezaliwa kwa puli kubwa. Kwenye puli ndogo ya mota unagoma kujikunja, unapata joto, na joto hilo ni miguu yangu.

Jibu limetoka kwenye magari mapya. Yana mkanda mwembamba bapa wenye mifereji, unaozunguka puli zote za mbele ya injini. Umeandikwa mgongoni, wangu unasema 6PK2210. Sita ni mifereji, 2210 ni urefu kwa milimita. Upana wake ni zaidi kidogo ya sentimita mbili, na rimu ya baiskeli hizi nzito inaupokea kana kwamba viwili hivi vilipangiwa ndoa. Unajikunja kwenye puli ndogo bila kulalamika. Ule utepe wa ndani ya rimu usiutoe, la sivyo vichwa vya spoki vitautafuna mkanda.

Puli nimeitoa kwenye alternata iliyokufa, kipenyo sentimita 5.5. Tundu lake ni kubwa mno kwa shafti ya mota, hivyo fundi wa kukereza vyuma akatengeneza bushi. Hapa usibane senti. Bushi ikiwa nje ya kitovu hata kwa nusu milimita, kwenye mizunguko elfu mbili mota nzima inatetemeka na boliti zinajifungua zenyewe.

Mota imekaa kwenye bamba lenye matundu marefu, nailegeza na kuivuta nyuma kukaza mkanda. Rimu ni sentimita 62.5 pale mkanda unapopita. Ukigawa kwa 5.5 unapata 11.4. Zidisha na ile 2.44 ya cheni: pedeli mzunguko mmoja, mota mizunguko karibu 28.

Wiki ya tatu, usiku, gurudumu linazunguka peke yake

Kijana wangu aliunganisha betri kabla sijafika, bila diodi. Nilimkuta amesimama mbali, mikono nyuma, anatazama gurudumu linakwenda kasi, pedeli zimetulia, friwili inalia tik-tik-tik. Hakuna mtu juu ya kiti.

"Baba, sijaigusa."

Aliigusa, lakini bahati yake alichokifanya ndicho somo lenyewe. Betri ikiwa na volti nyingi kuliko mota, umeme unarudi nyuma na mota inakuwa mota tena. Ukishuka kwenye baiskeli kwenda kunywa maji, betri yako inaanza kuendesha baiskeli. Diodi moja kwenye waya chanya inauzuia: umeme unatoka motani kwenda betrini, hauruhusiwi kurudi. Ya kawaida inakula volti 0.7, ambazo kwa ampea 5 ni wati 3.5 za bure. Nimetoa diodi ya Schottky kwenye pawasapulai ya kompyuta mbovu, inakula kama 0.4. Nimeifunga kwa skrubu kwenye kipande cha aluminiamu kwa sababu inapata joto.

Fyuzi ya ampea 10 ipo kiganja kimoja kutoka kwenye ncha ya betri. Si kwenye ubao, si karibu na taa, hapo hapo kwenye betri. Mkanda haujui kuchoma nyumba, betri inajua.

Wiki ya nne, namba za kweli

Betri ni ya asidi iliyofungwa, volti 12, Ah (ampea-saa) 20. Mita ya volti na ya ampea nimezifunga kwenye usukani, mbele ya macho ya anayekanyaga.

Bila betri, mapigo 60 kwa dakika, yaani pedeli kuzunguka mara 60, yanatoa volti 12.8. Hilo lina maana kwamba mtu akikanyaga 60 na betri ikiwa imeunganishwa, sindano ya ampea haiamki kabisa. Kwenye 61 au 62 inaanza kutikisika. Kwenye 73 zinaingia ampea 5. Kila mapigo matano ya ziada kwa dakika yanaongeza kama ampea mbili na nusu, na hapo ndipo mtu anapoelewa betri ni mzigo wa namna gani: haikuruhusu ukimbie. Unasukuma kwa nguvu zaidi, miguu inaenda kasi kidogo tu, ampea zinaruka. Vijana wanaokuja kujionyesha wanafika ampea 9, wanakaa hapo kwa dakika mbili, wanashuka wakisema mashine ni mbovu.

Mimi natulia kwenye 5. Hizo ni wati 65 hivi zinazoingia. Jasho linaanza kwenye dakika ya kumi.

Sina kidhibiti cha chaji. Anayekanyaga ndiye kidhibiti: mita ikifika 14.4, shuka. Asubuhi, betri ikiwa imepumzika bila kitu, 12.7 ni imejaa na 12.2 ni nusu. Chini ya nusu hatuendi, kwa sababu betri hizi zinazeeka haraka zikikaushwa. Kwa hiyo katika wati-saa 240 zilizoandikwa juu yake, za kutumia ni 120.

Inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, sikuweka. Inakula wati kadhaa hata kama hujawasha kitu, na inapoteza tena inapobadilisha. Taa za volti 12 zinauzwa katika maduka ya sola, simu zinachajiwa kwa chaja ya gari, redio yetu inakubali volti 12. Kila kitu kinakula moja kwa moja kutoka betrini.

Baada ya wiki kadhaa za kutumia

Matumizi ya usiku mmoja: taa tatu za wati 5 kwa saa nne, wati-saa 60. Redio, kama 10. Simu mbili, 35. Jumla 105, na kwa kuwa betri hairudishi yote inayopewa, inabidi kuingiza kama 125. Hizo ni saa mbili za kukanyaga. Kila siku. Tulipoigawanya watu wanne, nusu saa nusu saa, ilikwenda vizuri mpaka Jumatano, ambapo kila mtu alikuwa na kazi ya shule, hata mimi.

Nimebadilisha taa ziwe za wati 3. Sebule haijapungua mwanga wa kumsumbua mtu, na matumizi yameshuka hadi wati-saa 80 hivi.

Mama watoto alisema mapigo 73 ni ya mtu anayekimbizwa. Ana haki, na watoto vilevile walikuwa wanachoka kwa kasi, si kwa uzito. Friwili ya meno 18 nimeitoa, nimeweka ya 16. Sasa chaji inaanza kwenye mapigo 54, na ampea 5 zinapatikana kwenye 65. Mguu unasukuma kitu kizito kidogo, lakini kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Nusu saa yake sasa anaimaliza huku akisikiliza taarifa ya habari.

Halafu bei, maana wageni wote wanauliza nimeokoa shilingi ngapi. Uniti moja ya kawaida ya Yaka iko kati ya shilingi 700 na 800. Saa yangu moja juu ya kiti ni uniti 0.06. Shilingi 45. Mwili unafanya kazi kwa ufanisi wa kama asilimia 20 hadi 25, hivyo saa hiyo inachoma kilokalori 350 hivi, na nikishuka naitaka rolex (chapati ya kukunjia mayai) ya mayai mawili, ambayo haipatikani kwa shilingi 45 mahali popote Uganda. Anayejenga hii ili kukwepa Yaka, aache. Inafaa siku Yaka ina uniti na nguzo haina umeme, kwa sababu siku hiyo huwezi kununua hizo shilingi 45 kwa bei yoyote.

Mzee wa baiskeli huja kila jioni na simu yake. Amekataa kukanyaga, anasema ameshakanyaga vya kutosha.

Mwezi wa tatu, karanga

Swali la blenda nimelijibu kwa njia ya mkato. Blenda ya wati 300 ikipitia betri na inveta ni upuuzi: nguvu inatoka mguuni ikiwa mzunguko, inageuzwa umeme, inahifadhiwa, inatolewa, inageuzwa tena kuwa mzunguko, na kila mlango unatoza ushuru. Kama kazi yenyewe ni kuzungusha kitu, mpeleke mguu pale pale. Shirika la Maya Pedal la Guatemala wamefanya hivyo kwa miaka mingi, wanatengeneza blenda, visagio na pampu za maji kutoka kwenye baiskeli kuukuu bila umeme wowote ndani yake.

Tunacho kisagio cha chuma cha mkono, kile cha kubana kwenye meza, cha karanga na mahindi. Nimekata mkono wake, mahali pake nimechomelea giya ya meno 44 kutoka kwenye baiskeli nyingine, na kisagio nimekifunga mbele ya stendi, pale gurudumu la mbele lilipokuwa. Cheni ya pili inatoka kwenye giya niliyoiongeza upande wa kushoto wa krenki, nayo pia ni ya meno 44. Pedeli mara moja, kisagio mara moja. Kisagio kinapenda mwendo huo huo wa mapigo 60.

Kwa mkono, kilo moja ya karanga zilizokaangwa ilikuwa inatuachia bega linalouma, na mtu wa pili lazima akae juu ya meza isitembee. Kwa miguu inaisha bila mtu kubadilishana, na mikono iko huru kuongeza karanga. Odi, yaani siagi ya karanga, inatoka laini kuliko ya mkono kwa sababu mwendo hausitisiti. Mkanda wa mota nautoa kwanza ili nisivute vyote viwili. Ni kulegeza boliti mbili.

Kilichobaki: kava la bati juu ya cheni ya kushoto, maana mtoto wa jirani ana vidole vyenye udadisi. Beringi za krenki nizibadilishe kabla ya msimu wa mahindi. Wanawake wawili wa mtaani wameomba kusaga karanga zao za kuuza, wakileta wa kukanyaga wenyewe. Nimekubali, kwa masharti kwamba wakimaliza kusaga wanarudisha mkanda wa mota na kukanyaga dakika kumi za betri kabla hawajaondoka.